Imekataa, Imelemewa, Inafikiria: Lugha ya Kompyuta Mjini Nakuru

Leo nataka tuzungumze kuhusu lugha inayosemwa juu ya meza ya fundi wa kompyuta. Ni lugha ninayoipenda, na naona tunaidharau bure.

Ingia duka lolote la kompyuta hapa mjini Nakuru. Utasomewa namba: i5, i7, RAM nane, diski mia tano. Kisha toka nje, utafute fundi ambaye ofisi yake ni meza moja, taa moja na kikebe cha bisibisi, umuulize kuhusu mashine ya aina hiyohiyo. Huyu hakusomei namba. Atakwambia hii ni nzito kuamka lakini ikishaamka inabeba kazi. Au hii inakula moto, chaja isitoke mbali. Au hii ni ya kuandika barua tu, ukiipa video italemewa. Duka limekueleza kilichowekwa ndani ya mashine. Fundi amekueleza mashine inaweza nini, inashindwa na nini, na inashindwa vipi.

Tuanze na neno linalosikika kila pembe ya nchi hii: imekataa. Printa imekataa. Windows imekataa kufunguka. Password imekataa. Na shida ikiisha, tunasema imekubali. Wapo wasomi wanaotabasamu wakisikia hivyo, wakidhani msemaji anaamini chuma kina hiari. Mimi nawaomba wasikilize vizuri zaidi. Neno hili husemwa pale amri imefika na mashine imeijibu kwa kutoitekeleza. Kwa hiyo fundi akilisikia, swali lake la kwanza ni: imekataa ikisema nini? Anajua kuna ujumbe kwenye kioo, na kazi yake inaanzia hapo. Ungemwambia haiwaki, asingeuliza habari ya ujumbe. Mkono wake ungeenda kwanza kwenye chaja, halafu betri, halafu tundu la chaja ambalo limelegea kwa sababu mashine imeangushwa ikiwa imechomekwa. Na ukimwambia inawaka lakini haileti kitu, anaacha habari za umeme kabisa. Anawazia kioo na kebo yake, au RAM ambayo imesogea mahali pake, akaichomoa, akaipangusa, akairudisha.

Hizo ni kauli tatu za mtu wa kawaida, na kila moja inampeleka fundi kwenye sehemu tofauti ya mashine. Mgonjwa anayejua kumwambia daktari kama maumivu yanachoma, yanapwita au yanakatakata ameshafanya nusu ya uchunguzi.

Sasa sikiliza tofauti nyingine, ndogo lakini ya thamani. Mashine imehang: kila kitu kimeganda, kipanya hakisogei, ukibonyeza hakuna kinachosikia. Mashine inazunguka: kile kiduara kinazunguka bila kukoma, maana yake inangoja jibu kutoka mahali pengine, na mara nyingi mahali hapo ni mtandao. Mashine inafikiria: hili ndilo neno ninalolipenda kuliko yote. Kipanya kinasogea, taa ya diski inawaka na kuzima, ukisogeza sikio karibu unasikia mkwaruzo mwembamba ndani. Haijafa. Inafanya kazi, ila polepole.

Kwa nini inafikiria? Mara nyingi ni hivi. RAM ndiyo mahali kompyuta huweka kazi iliyo mkononi. Ukifungua kivinjari chenye kurasa ishirini, ukaongeza Word, ukaongeza video, RAM inajaa. Ikijaa, mashine haisemi basi. Inachukua sehemu ya kazi na kuihifadhi kwa muda kwenye diski, kisha inaifuata tena inapoihitaji, kwenda na kurudi. Diski ya kuzunguka iliyomo kwenye laptopu nyingi za zamani hupiga mizunguko 5,400 kwa dakika, na hiyo yaonekana kasi kubwa, lakini ukilinganisha na RAM ni konokono. Ndiyo sababu fundi mwema akiambiwa mashine inafikiria sana hakuuzii mashine mpya. Anakushauri uongeze RAM, au utoe diski ya kuzunguka na kuweka ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani. Kwa mwenye mashine ya miaka kadhaa, badiliko hilo la diski ndilo linaloonekana zaidi kuliko lolote kwa bei yake. Neno moja la mtaani limemwokoa mtu gharama ya kompyuta nzima.

Tusidhani kwamba ni sisi tu tunaoipa mashine akili na nia. Waliounda kompyuta wenyewe walizungumza hivyo. Katika chuo cha MIT kule Marekani kulikuwa na chama cha wanafunzi kilichoanzishwa mwaka 1946, Tech Model Railroad Club, ambacho shughuli yake ilikuwa kuunda reli na treni ndogo za mfano, na nyaya na swichi za kuziendesha. Vijana wale wa swichi ndio baadaye waliohamia kwenye kompyuta za chuo usiku, wenyewe wakiwa wamelala, na wakahama na maneno yao. Mwaka 1959 mwanafunzi mmoja, Peter Samson, aliyaandika maneno ya chama kuwa kamusi ndogo. Neno haka lina mizizi katika chama kile, na maana yake haikuwa mwizi. Alikuwa mtu anayefurahia kuijua mashine hadi uvunguni, na kuifanya itende jambo ambalo mtengenezaji hakulipanga.

Mwaka 1975 Raphael Finkel wa Stanford alianza mkusanyo mkubwa zaidi, ukajulikana kama Jargon File. Mwaka 1983 ulitoka kama kitabu chini ya Guy Steele, na mwaka 1991 ukatoka upya chini ya Eric Raymond. Mle ndani kuna sehemu nzima inayoeleza jinsi waandishi wa programu husema kwamba programu inataka hiki, imechanganyikiwa, imekufa. Ni imekataa yetu ile ile, kwa lugha nyingine.

Na mle kuna maneno ya kupima uwezo wa mashine ambayo fundi wa Nakuru angeyaelewa bila mkalimani. Kompyuta kubwa yenye nguvu waliiita chuma kikubwa. Nenda Tanzania leo, basi jipya likiingia barabarani utasikia vijana wakisema chuma kimeingia. Zile kompyuta kuukuu za kujaza chumba, zenye kudai umeme wake na ubaridi wake, waliziita dinosaria, na chumba chake wakakiita zizi la dinosaria. Mashine isiyotosha kazi waliiita kibaniko cha mkate. Kitu kikubwa kupita kiasi walikiita moby, jina ambalo wengi hulihusisha na nyangumi wa riwaya ya Melville, na pale MIT neno hilo likawa hata kipimo: moby moja ya kumbukumbu ilikuwa maneno 256K, kila neno biti 36. Ukipiga hesabu unapata zaidi kidogo ya megabaiti moja. Picha moja utakayopiga leo kwa simu pale Hyrax Hill, hapa Nakuru, huenda isienee ndani ya nyangumi yule.

Nasimulia haya ya chama cha reli kwa sababu hata mji wetu ni wa reli. Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukaota kando ya stesheni. Mpaka leo tukikosa umeme tunasema stima imepotea, na stima kwa asili ni mvuke, ule uliosukuma injini kama zile. Watu wa nchi hii walishawahi kupokea mashine ngeni na kuipa lugha yao, na lugha hiyo ikadumu kuliko mashine yenyewe. Injini za mvuke ziko makumbusho. Stima iko kinywani.

Turudi kwenye neno lingine: imelemewa. Mnamo tarehe 27 Julai 2023 serikali ilikiri kwamba jukwaa la eCitizen limeshambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai ndilo lililofanya. Wakati ule watu walishindwa kupata huduma za pasipoti na leseni, tokeni za umeme zikasumbua, na tiketi za treni pia. Mitaani na kwenye vichwa vya habari neno likawa moja: imedukuliwa. Watu wakaogopa kwamba vitambulisho vyao vimeibwa. Lakini waziri wa teknolojia wakati huo, Eliud Owalo, alieleza kwamba washambuliaji walijaribu kuuziba mfumo kwa kuupelekea maombi mengi kuliko kawaida, na kwamba hakuna data iliyopotea. Yaani milango haikuvunjwa. Umati ulijazwa mlangoni hadi mwenye haja ya kweli akakosa pa kupita.

Mwenye saiba yeyote hapa Nakuru ana neno la hali hiyo, kwa sababu huiona kila mwaka tarehe 30 Juni inapokaribia na kila mtu amekumbuka kuwasilisha ritani za kodi siku ya mwisho. Husema sistimu imelemewa. Kama neno hilo la saiba lingetumika siku ile badala ya imedukuliwa, wananchi wengi wangelala usingizi. Kwangu huu ndio uzito wa jambo tunalozungumza. Kudukua kwa asili ni kupeleleza siri za watu, na tumelifanya neno hilo lifunike kila ajali ya kompyuta, iwe wizi wa laini ya simu, iwe kulemewa, iwe waya uliokatika. Sheria yetu ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao imetenganisha makosa haya moja moja. Sisi watangazaji na waandishi bado tunayamwaga yote kwenye kapu moja, na hilo ni kosa la kazi yetu ambalo tunaweza kulirekebisha leo.

Sasa tuje sokoni, maana huko ndiko pesa inakopotea. Laptopu nyingi zinazouzwa hapa ni zile tunazoziita ex-UK, kwa mfano uleule wa magari ya ex-Japan. Ni EliteBook, ThinkPad, Latitude, mashine zilizotumika kwenye ofisi za Ulaya kwa miaka michache kisha zikabadilishwa. Nyingi ni imara, na sina ubaya nazo hata kidogo. Zimewasomesha watoto wengi wa Njoro na Kabarak. Ubaya uko kwenye kibandiko. Mzazi ameambiwa mtoto anahitaji i7. Anaona i7 kwenye kibandiko, anafungua pochi. Hakuna aliyemwambia kwamba i7 ni cheo cha prosesa, na cheo bila mwaka hakisemi kitu. Laptopu nyingi za i7 za kizazi cha pili, ambazo ni za mwaka 2011, zina viini viwili tu vya kuchakata. I5 ya kizazi cha nane iliyotoka mwaka 2017 kwa kawaida ina vinne. Aliye na cheo kidogo amempita mkubwa, na mara nyingi anakula moto pungufu.

Kalamu na karatasi, mzazi. Tazama namba inayofuata baada ya i5 au i7. Ikiwa ni tarakimu nne na haianzi na 1, kama 8250, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi: nane. Ikiwa ni 2620, kizazi ni cha pili. Ikianza na 1, ni kizazi cha kumi au zaidi: soma tarakimu mbili za kwanza. Hili lina maana kubwa zaidi sasa, kwa sababu Microsoft ilimaliza kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa mashine za Intel, kwa jumla inadai kizazi cha nane au zaidi. Mashine ya kizazi cha nne bado itawaka. Inaweza kuwekewa Linux na ikafanya kazi vizuri, na mimi naunga mkono hilo kwa moyo wote. Lakini anayekuuzia akuambie wazi, na bei iseme hivyo.

Ukishasoma namba, iweke kando, umuulize muuzaji kwa lugha ya fundi. Inaamka kwa muda gani? Iwashe nione. Betri inakaa na moto kwa saa ngapi, bila chaja? Ichomoe nione. Ukifungua kurasa kumi na video moja, inafikiria au inaendelea? Ikifanya kazi nusu saa, inapata joto, inajizima? Muuzaji anayekataa maswali haya amekujibu.

Habari ya joto tusiiache, maana ni yetu hasa. Jina la Nakuru kwa kawaida huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, na wakazi hawahitaji ushahidi. Upepo wa Januari na Februari unaleta vumbi kutoka mashambani na barabara za udongo, na ukielekea Gilgil kuna Kariandusi, panapochimbwa diatomiti, udongo mweupe laini kama unga. Vumbi hili huingia kwenye feni ya laptopu, likashikana na kuwa blanketi. Joto linakosa pa kutokea. Kompyuta za sasa zimeundwa kujilinda: prosesa ikipata joto kupita kiasi inajipunguzia kasi yenyewe, na joto likizidi zaidi inajizima. Kwa hiyo mashine iliyokuwa na spidi mwaka jana inaanza kufikiria mwaka huu, bila programu yoyote kubadilika. Mafundi husema haipumui. Dawa yake ni kufunguliwa, kupulizwa, na kupakwa upya ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa. Usiiweke juu ya kitanda wala blanketi ukiwa unafanya kazi. Nimeona watu wakiuza mashine nzima kwa bei ya kutupa kwa sababu ya feni iliyoziba.

Kwenye simu lugha hii ni tajiri hata zaidi. Ile simu ndogo yenye tochi tuliiita mulika mwizi, jina ambalo limetaja kazi yake usiku. Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 ilikuwa ya ukoo huo. Simu nyingine ndogo za bei nafuu zikaitwa kabambe na katululu, na simu ya kupangusa ikachukua jina kutoka kwa kidole. Mwishoni mwa Septemba 2012 serikali ilipozima simu feki, wananchi wengi walijua mapema nani ataathirika, kwa kuwa walishazoea kutofautisha simu ya kweli na ile inayopiga kelele tu, yenye spika kama za matanga na betri ya kufa kabla ya adhuhuri.

Sasa tujiulize kuhusu shule. Mpango wa serikali wa vifaa vya kidijitali kwa shule za msingi ulianza mwaka 2016. Mtoto wa leo anajua tarakilishi, kipakatalishi, barua pepe, kipanya, na anayaandika vizuri kwenye mtihani. Kazi hiyo ya kutafuta majina ni ya heshima. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliifanya kwa bidii hadi mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili kitupu. Ila majina ni ya vitu. Mtoto akiwa mbele ya kipakatalishi kilichoganda, jina lake halimsaidii. Anahitaji kitenzi. Anahitaji kujua kama imehang au inafikiria, kwa sababu ikiwa inafikiria atangoja, na ikiwa imehang atabonyeza kitufe cha kuzimia mpaka izime, na akikosea kati ya hayo mawili anaweza kupoteza kazi yake ya muhula. Darasani tunamkataza maneno hayo kwa kuwa ni ya mtaani. Naona tunamnyang'anya chombo.

Peter Samson hakuwa profesa alipoandika orodha yake. Alikuwa mwanafunzi mwenye karatasi na masikio. Tuna wanafunzi wa kompyuta na wa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Egerton, tuna wa Kabarak, tuna wa vyuo vya ufundi hapa mjini. Nawaomba mmoja wenu, au watatu wenu, mfanye mkusanyo wa maneno ya mafundi wa Nakuru. Kaa na fundi siku nzima. Andika neno alilosema mteja, andika alichokuta fundi alipofungua, andika alichofanya mashine ikakubali. Usisahau Kikuyu, Kikalenjin, Kiluo na Sheng zinazochanganyika pale mezani, maana fundi hachagui lugha, anachagua neno linaloeleza. Mkusanyo wa namna hiyo ungemfaa mwalimu, ungemfaa mnunuzi, na ungewafaa wale wanaotengeneza programu za Kiswahili huku wakikisia jinsi tunavyosema.

Nawe mwalimu wa Kiswahili unayenisikiliza, muhula ukianza, mwite mwalimu wa kompyuta mkae pamoja, muwape wanafunzi insha moja: eleza jinsi mashine yako ilivyokataa, na jinsi ilivyokubali. Wakishaandika, zitumeni hapa studioni. Tutazisoma hewani.